Hema la familia: Kanvasi au polikotoni? Jibu liko kwenye unyevu wa ziwa

BUJUMBURA

KWA mfanyabiashara anayepokea mzigo wa mahema katika Bandari ya Bujumbura, neno moja kwenye ankara linaweza kumletea faida au kumla mtaji. Neno hilo ni "kanvasi". Limeandikwa ubavuni mwa robota, wakala analitamka, dalali analirudia na mnunuzi wa mwisho analiamini. Tatizo ni kwamba katika biashara ya dunia neno hilo hutumika kwa vitambaa viwili visivyofanana: kanvasi ya pamba tupu, na polikotoni, yaani kitambaa cha nyuzi za pamba zilizochanganywa na poliesta.

Kwa macho vitambaa hivyo ni ndugu. Vyote vina rangi ya krimu, hudhurungi au kijani, vinashonwa kwa umbo lile lile na vinasimamishwa kwa nguzo na vigingi vile vile. Tofauti hujitokeza baadaye, mvua ya tatu au ya nne ikishapita, wakati familia ya watu watano imelala ndani na mfanyabiashara amekwisha kuvuka mpaka kurudi kwao.

Mteja wa hema la familia katika ukanda huu si mtalii wa siku mbili. Ni mvuvi anayehamia kambi ya samaki kwa miezi kadhaa. Ni kaya iliyokimbia mafuriko. Ni fundi anayelinda eneo la ujenzi akiwa na mke na watoto. Ni ukoo unaokodi hema kwa ajili ya matanga au sherehe, leo hapa na kesho kule. Mteja wa namna hii akiuziwa kitambaa kisichomfaa hapotezi starehe, anapoteza paa. Naye muuzaji hupoteza jina, na katika masoko ya mipakani jina likipotea huchukua miaka kurudi.

Mzigo hupita kwenye maji kabla ya kufika sokoni

Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ziwa lenye urefu wa takriban kilomita 670 linalogawanywa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kutoka bandarini hapo mzigo unaweza kwenda au kutoka Kigoma, Uvira, Kalemie na Mpulungu. Shehena inayoshushwa Dar es Salaam ina njia kuu mbili za kufika. Ya kwanza ni barabara hadi Kabanga na Kobero, kisha kuingia Burundi kwa lori. Ya pili ni reli ya kati hadi Kigoma, safari ya takriban kilomita 1,250, kisha meli au tishari kwa umbali wa chini ya kilomita 200 za maji.

Njia hiyo ya pili inafaa kwa mzigo mzito, lakini ina jambo ambalo muuza mahema lazima alijue kabla hajafanya uchaguzi. Mzigo hubadilisha chombo zaidi ya mara moja: kutoka melini hadi behewa, kutoka behewa hadi ghala la Kigoma, kutoka ghala hadi tishari, kutoka tishari hadi gati la Bujumbura. Kila unapobadilisha chombo, robota huweza kupata umande, manyunyu au sakafu yenye maji. Ukiwekwa karibu na saruji, vumbi lake hushika unyevu na kuganda juu ya kitambaa. Ukiwekwa karibu na dagaa, harufu huingia na panya huja nyuma yake.

Hali ya hewa haisaidii. Jiji la Bujumbura liko katika uwanda wa Imbo, kwenye kimo cha mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hukaribia nyuzi 30, na msimu wa mvua huanza takriban Oktoba na kwenda hadi Mei. Joto na unyevu vikikutana ndani ya robota lililofungwa, kuvu huota. Hapo ndipo hadithi ya vitambaa hivi viwili inapoanza kutengana.

Kanvasi: kitambaa kinachojiziba chenyewe

Uzi wa pamba una tabia ya pekee. Ukiguswa na maji hufura. Nyuzi zilizofumwa kwa kubana zikifura, vitundu vilivyo kati yake huziba, na kitambaa kinazuia mvua bila kuhitaji kupakwa plastiki. Jua likitoka, nyuzi hukauka na kunywea, vitundu hufunguka na hewa hupita tena. Ndiyo maana aliyelala ndani ya hema la kanvasi huamka bila matone ya jasho darini, tofauti na aliyelala chini ya shitingi ya plastiki ambako mvuke wa pumzi hukosa pa kutokea na kumrudia usoni.

Sifa hiyo ina bei yake. Kwanza, kanvasi mpya haijakamilika. Inahitaji kulowekwa maji na kukaushwa mara mbili au tatu ikiwa imesimamishwa, ili nyuzi zikae mahali pake na mishono izibe. Mteja asiyeambiwa hivyo ataona matone usiku wa kwanza na kurudisha hema akidai ni bovu. Pili, kanvasi hunywea. Inapolowa kwa mara ya kwanza hupungua, na iwapo kamba zimevutwa kupita kiasi, pindo hupasuka au kigingi hung'oka. Tatu, ni nzito, na ikilowa huwa nzito zaidi kwa sababu pamba hunywa maji.

Hasara kubwa kuliko zote ni ya nne. Pamba ni mmea, na kuvu hula mmea. Viwanda huitia kanvasi dawa ya kuzuia kuoza, lakini dawa hiyo hupunguza kasi ya uharibifu, haiuondoi. Hema la pamba lililokunjwa likiwa bichi na kuachwa hivyo kwa siku kadhaa katika joto la Imbo huanza kutoa madoa meusi. Wiki chache baadaye uzi hukatika kwa kuvutwa na vidole.

Polikotoni: mkataba wa pamba na poliesta

Polikotoni ilibuniwa kupunguza udhaifu huo. Pamba inabaki kwa ajili ya kupitisha hewa na kufura kidogo inapolowa. Poliesta inaongezwa kwa sababu haiozi, hainywi maji kwa wingi, hainywei sana na haikatiki upesi. Matokeo yake ni kitambaa chepesi zaidi kwa nguvu ile ile, kinachokauka mapema na kinachovumilia kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

Lakini mkataba wowote una kipengele cha kukubali hasara. Kwa kuwa sehemu ya nyuzi haifuri, polikotoni hutegemea zaidi dawa ya kuzuia maji iliyotiwa kiwandani. Dawa hiyo ikiisha, kitambaa huanza kupitisha maji hata kama bado kina nguvu. Kufua hema kwa sabuni ya unga huharakisha jambo hilo. Njia salama ni kulipiga brashi kwa maji safi, kisha kulipaka upya dawa au nta panapovuja.

Kuvu nayo haikuachi kwa sababu tu umechanganya poliesta. Nusu ya kitambaa, au karibu na nusu, bado ni pamba. Polikotoni iliyofungwa mbichi hupata madoa na harufu, ingawa nyuzi za poliesta huendelea kushikilia umbo la hema kwa muda ambao kanvasi ingekuwa imeshachanika. Jua nalo halibagui. Miezi mingi ya miale mikali hudhoofisha vitambaa vyote viwili, hasa sehemu ya juu ya paa.

Mashirika ya misaada yaliamuaje?

Mfanyabiashara asiye na maabara anaweza kujifunza kwa wanunuzi wakubwa kuliko wote wa mahema ya familia duniani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Shirikisho la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu yana vipimo vya pamoja vya hema la familia. Kitambaa cha nje kilichochaguliwa ni polikotoni, yenye pamba takriban asilimia 40 na poliesta kwa sehemu iliyobaki, na uzito wa takriban gramu 350 kwa kila mita ya mraba.

Hema hilo lina sakafu kuu ya mita za mraba 16 na vibaraza viwili vya mita za mraba 3.5 kila kimoja, jumla mita 23. Limekusudiwa familia ya watu watano. Hesabu hiyo inaendana na kiwango kinachotumika katika misaada ya dharura, kwamba kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 zilizoezekwa. Lina kuta mbili, ya nje na ya ndani, ili hewa ipite katikati na kupunguza joto. Na linatarajiwa kudumu angalau mwaka mmoja.

Takwimu hiyo ya mwaka mmoja inastahili kusomwa mara mbili. Haisemi kwamba polikotoni ni kitambaa cha kudumu milele. Inasema kwamba kwa mnunuzi anayehitaji maelfu ya mahema yakae ghalani, yapandishwe ndegeni au melini, yasimamishwe na watu wenye haraka na yahamishwe tena, kitambaa kinachostahimili kubebwa kina thamani kuliko kitambaa kinachostahimili kukaa.

Ukanda wa Ziwa Tanganyika unalijua hitaji hilo kuliko sehemu nyingi. Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho kwenye mwambao wa ziwa, na meli ya MV Liemba ikatumika kuwasafirisha hadi Kigoma kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, ambako wengi walipokelewa kwenye mahema. Aprili 2020, Mto Rusizi ulivunja kingo na kufurika Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, na kaya nyingi zikahamia maeneo ya muda. Mapema mwaka 2025, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi kuingia mkoa wa Cibitoke wakikimbia vita vya Kivu Kusini, wengi wakajazana katika uwanja wa michezo wa Rugombo, na baadaye baadhi yao wakapelekwa Musenyi, kusini-mashariki mwa nchi. Katika matukio yote hayo hema liliishi zaidi ya safari moja.

Hata hivyo, kilichofaa shirika si lazima kimfae kila mteja wa sokoni. Mvuvi anayesimamisha hema mara moja mwanzoni mwa msimu na kuliacha hapo miezi minne hana shida ya kukunja. Akiwa na kivuli cha mti na mtaro mzuri wa maji, kanvasi nzito itampa usiku wenye ubaridi na hewa safi kuliko polikotoni nyembamba. Familia inayohamishwa kila mara, au mkodishaji anayebomoa hema usiku wa manane baada ya sherehe na kulitupa kwenye gari likiwa na umande, hana nafasi hiyo. Kwake kanvasi ni kujitafutia hasara.

Kwa maneno mengine, swali la kwanza ambalo muuzaji anapaswa kumuuliza mteja ni jepesi: nani atalikausha hema hili, na wapi?

Vipimo vitatu vya gatini

Kabla ya kusaini kupokea mzigo, kuna vipimo ambavyo havihitaji mtambo. Vinahitaji subira, na ni vyema viandikwe katika makubaliano na muuzaji tangu mwanzo ili kisitokee kisingizio.

Cha kwanza ni moto. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mwingine wa upana kutoka kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti mahali pasipo na upepo wala kitu cha kushika moto. Pamba tupu huwaka kwa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu linalopukutika. Poliesta huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Ukipata jivu lenye vipunje vigumu, hiyo ni polikotoni, hata kama robota limeandikwa kanvasi kwa herufi kubwa.

Cha pili ni mizani. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka kwenye sampuli na ukipime kwenye mizani ndogo, kama ile ya wauza dhahabu. Zidisha gramu zake kwa 100 utapata uzito wa mita moja ya mraba. Kipande cha gramu 3.5 kina maana ya gramu 350. Muuzaji aliyeahidi 350 na kuleta 260 hakukosea, alipunguza kitambaa.

Cha tatu ni maji. Funga kipande kikubwa cha kitambaa kwenye mdomo wa ndoo kikiwa kimelegea kama bakuli, mimina maji ya kina cha vidole vinne na uache usiku kucha. Unyevunyevu upande wa chini si kosa kubwa, hasa kwa kanvasi mpya ambayo haijalowekwa. Matone yanayodondoka ni kosa. Rudia zoezi hilo kwenye kipande chenye mshono, kwa kuwa mahema mengi huvuja kwenye matundu ya sindano kabla ya kuvuja kwenye kitambaa. Uzi unaofaa kwa hema ni wenye kiini cha poliesta kilichozungushiwa pamba: kiini hakiozi, na pamba hufura na kuziba tundu. Uzi wa poliesta tupu huacha matundu wazi, na wa pamba tupu huoza mapema.

Baada ya vipimo hivyo, pua ndiyo shahidi wa mwisho. Fungua robota moja katikati ya mrundikano, si la juu. Harufu ya kuvu ikishatoka hapo, usipoteze muda kujadili rangi.

Suala la moto halihusu kupima nyuzi tu. Pamba huungua, poliesta huyeyuka na kudondosha matone yanayounguza ngozi, na katika mchanganyiko pamba huweza kushikilia poliesta inayowaka kama utambi unavyoshika mafuta. Kwa sababu hiyo vipimo vya mashirika hutaka kitambaa kiwe kimetiwa dawa ya kupunguza kasi ya moto. Mteja aelezwe wazi kwamba jiko la mkaa na kibatari havina nafasi ndani ya hema la aina yoyote. Zaidi ya moto, mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua familia nzima usingizini.

Uzito, nauli na hesabu ya mwezi

Uzito wa kitambaa hugeuka nauli. Chukulia hema linalotumia mita za mraba 60 za kitambaa. Kwa kanvasi ya gramu 450, kitambaa peke yake kina kilo 27. Kwa polikotoni ya gramu 350, kina kilo 21. Tofauti ya kilo sita inaonekana ndogo mtu akinunua hema moja. Kwa mahema 200 ni kilo 1,200, yaani zaidi ya tani moja inayolipiwa reli, tishari, wabebaji na ghala.

Lakini nauli si mwisho wa hesabu. Kinachomhusu mteja ni gharama ya kila mwezi anaolala mkavu. Kwa hesabu ya mfano tu, isiyo bei ya soko, hema la kanvasi la dola 300 likidumu miezi 36 humgharimu mteja takriban dola 8.30 kwa mwezi. La polikotoni la dola 210 likidumu miezi 18 humgharimu dola 11.70. Hapo kanvasi imeshinda. Sasa badili jambo moja: hema lile lile la kanvasi lifungwe bichi, lioze na kufa baada ya miezi sita. Gharama inaruka hadi dola 50 kwa mwezi. Bei haikubadilika wala kitambaa hakikubadilika. Kilichobadilika ni siku moja ya kutokausha.

Hesabu hiyo ina uzito zaidi Burundi, ambako upatikanaji wa fedha za kigeni umekuwa mgumu kwa miaka. Mfanyabiashara aliyepata dola kwa taabu na kuagiza mzigo usiofaa hawezi kuurudia kesho yake.

Forodha husoma nyuzi, si jina

Kosa la jina humfuata mfanyabiashara hadi dirisha la forodha. Katika kitabu cha ushuru, maturubai na mahema yako chini ya fungu la 6306. Ndani yake mahema ya nyuzi za viwandani yana namba yake, 6306.22, na ya nguo nyingine, ikiwemo pamba, yana namba nyingine, 6306.29. Kwa kitambaa cha mchanganyiko, kanuni ni kuangalia nyuzi zipi zimezidi kwa uzito. Hivyo polikotoni yenye poliesta asilimia 60 husomwa kama hema la nyuzi za viwandani. Aliyeandika "pamba" kwenye tamko lake kwa sababu tu robota limesema kanvasi ametoa tamko lisilo sahihi, na kutojua hakumwondolei adhabu. Kitambaa kinacholetwa bila kushonwa nacho hakiingii katika fungu hilo, husomwa katika sura za nguo.

Tangu Julai 1, 2022, Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Wakala wa forodha aulizwe kiwango cha namba husika kabla ya malipo kwenda kiwandani, si baada ya mzigo kufika.

Wafanyabiashara wadogo nao wana jambo la kuzingatia. Utaratibu rahisi wa biashara mpakani, unaohusu mizigo isiyozidi dola 2,000, huondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na ambazo asili yake ni nchi za Jumuiya. Hema lililotengenezwa Asia halipati asili ya Afrika Mashariki kwa kupita Dar es Salaam au Nairobi. Lililoshonwa ndani ya Jumuiya linaweza kuipata, kutegemea kanuni za uasili na ushahidi wa mahali kitambaa kilipotoka. Anayelenga soko la Mpulungu akumbuke pia kwamba Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi, Kongo na Zambia hukutana katika soko la COMESA, ambalo Tanzania haimo.

Kuna mahema ambayo hayafai kuguswa kabisa. Ni yale yenye nembo za mashirika ya misaada. Bidhaa hizo huingia kwa msamaha wa kodi kwa matumizi yaliyotajwa, na zikigeuzwa biashara ushuru wake hudaiwa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Mbali na sheria, hema lililotoka kambini limeshapigwa jua miezi mingi, na kila hema linalouzwa sokoni lina familia ililoliacha.

Nafasi iliyo karibu

Jambo linaloshangaza ni kwamba pamba hulimwa katika uwanda huu huu wa Imbo unaozunguka bandari. Bujumbura ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo cha COTEBU, kilichofungwa katikati ya miaka ya 2000 na kufuatiwa na Afritextile katika majengo yale yale. Kuna mafundi cherehani katika masoko ya Bujumbura, Uvira na Kigoma wanaoshona maturubai ya malori kwa mashine nzito. Mfanyabiashara anayeleta kitambaa na uzi sahihi, kisha akashonesha mahema karibu na mteja, anapata kitu ambacho robota la kutoka mbali halitoi: mtu wa kurekebisha mshono ukiachia.

Kwa hali ilivyo leo, mgawanyo unaomfaa muuzaji wa ukanda huu ni huu. Kwa kambi za wavuvi, maeneo ya ujenzi na familia zitakazokaa mahali pamoja msimu mzima, kanvasi nzito iliyolowekwa kabla na yenye paa la pili. Kwa wakodishaji, kwa nyumba zilizo katika maeneo ya mafuriko na kwa yeyote anayeweza kuamka kesho akahama, polikotoni isiyopungua gramu 350. Kwa nyanda za juu za Mwaro na Bururi, ambako baridi na mvua huchelewesha kukauka, polikotoni ina nafasi nzuri zaidi hata kwa anayekaa muda mrefu. Asiyejua atafanya nini na hema lake auziwe polikotoni, kwa kuwa inasamehe makosa mengi zaidi.

Na kwa kila hema linalotoka ghalani, maelekezo mafupi kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa yaende nalo: lisimamishe na kulilowesha kabla ya kuhamia, legeza kamba mvua inapoanza, chimba mtaro kuzunguka, usipike ndani, na usilikunje bichi. Mvua ikikulazimisha kulikunja likiwa limelowa, lifungue tena ndani ya siku moja.

Muuzaji mwenyewe aanze na agizo hilo la mwisho. Mzigo ukishushwa gatini Bujumbura na robota likawa na unyevu, usipelekwe ghalani moja kwa moja. Siku moja ya kuanika uani ni gharama ndogo kuliko mahema 200 yanayorudishwa dukani.